Mnaolinganisha printa kwa prufu ya skrini, acheni kuwapotosha watu

Wakuu, hii sasa imezidi. Prufu ya skrini ni kuonyesha kwenye skrini jinsi picha itakavyotoka ikichapwa, si uchapaji wenyewe. Mtu anabandika picha mbili za skrini, moja kaiandika printa A, nyingine printa B, halafu anatoa hukumu: "A inatoa rangi ya ngozi vizuri." Karatasi hata moja haijachapwa! Na kuna watu wanaenda kununua kwa hukumu hiyo.

Mlicholinganisha pale ni profaili mbili za ICC (faili zinazoeleza rangi za kifaa), basi. Profaili inaeleza printa fulani, ikiwa na wino fulani, karatasi fulani na ubora fulani uliochaguliwa kwenye draiva (programu ya kuendesha printa). Badili kimoja tu, prufu imekufa. Mtu ana Epson L1800, kajaza wino wa chupa usio na jina, karatasi ya glosi ya gramu 230 ya bei ya chini, halafu anafungua profaili ya karatasi ya Epson. Hiyo prufu ni ya printa ya nani?

Tuje kwenye mipangilio. Photoshop: View, Proof Setup, Custom. Preserve RGB Numbers ikiwa na tiki, namba za rangi za faili zinapelekwa kwa printa bila kubadilishwa, picha inaonekana chafu, lawama anabeba mtengeneza printa. Toa tiki. Weka Relative Colorimetric (njia ya kubadili rangi inayoacha zinazochapika kama zilivyo) na Black Point Compensation (kulinganisha weusi wa picha na weusi wa printa) kwa printa zote mbili. Perceptual, njia nyingine ya kubadili rangi, kwenye kulinganisha hapana: kila mtengeneza profaili anabana rangi zilizozidi upeo wa printa kwa namna yake, kwa hiyo mnalinganisha ladha za watu. (Kuchapa nayo ruksa, hilo jambo jingine.) Kisha washa Simulate Paper Color. Najua mnaikwepa kwa sababu picha inapauka ghafla. Ndivyo karatasi ilivyo! Bonyeza F menyu nyeupe zipotee, jicho lipewe muda wa kuzoea.

Skrini zenyewe ni aibu. Laptop mwanga asilimia 100, kifaa cha kupimia rangi haijawahi kukiona. Pima: D65 (weupe wa mwanga wa mchana), gama 2.2 (mpangilio wa mwanga wa rangi za kati), mwanga kati ya 80 na 120 cd/m² (kipimo cha mwanga wa skrini). Na hata ikishapimwa, skrini inayoishia sRGB (upeo wa rangi wa skrini za kawaida) haina uwezo wa kuonyesha baadhi ya sayani (buluu-kijani) na kijani ambazo printa nzuri ya picha inazitoa kwenye karatasi. Yaani pale pale printa mbili zinapoachana, skrini inazikata zote mahali pamoja, na nyie mnatangaza "ziko sawa".

Maduka ya kuchapa nayo yasijifiche. Mnampa mteja profaili afanyie prufu, kisha mnachapa kwa karatasi yoyote iliyopo siku hiyo, fundi kaacha marekebisho ya otomatiki yamewashwa. Profaili ya nini sasa? Wengine wanaacha Photoshop na draiva vyote viwili visimamie rangi. Picha ikitoka na umajenta (wekundu wa zambarau), wanasema wino umeharibika. Chagua Photoshop Manages Colors, kwenye draiva zima usimamizi wa rangi.

Anayetaka kuleta ulinganisho hapa aweke jina la profaili, karatasi, wino, njia ya kubadili rangi na skrini ilipimwa vipi. Kisha achape faili lile lile kwenye printa zote mbili, wino wa dai (dye, unaoyeyuka majini) uachwe ukauke saa 24, karatasi zitazamwe pamoja chini ya taa moja ya 5000K (mwanga mweupe), si moja dirishani na nyingine chini ya balbu ya njano. Bandiko lisilo na hayo, modi (msimamizi wa jukwaa) afute.