Afrika nzima kwenye karatasi tupu: Gredi ya 8 aanzie wapi?

Mama_Kisauni

Assalaam aleikum. Kijana wa Gredi ya 8 anazitaja nchi 54 na miji mikuu yake kama anaimba. Mpe karatasi tupu achore Afrika sasa: Ghuba ya Guinea inalala juu ya Ikweta, Somalia haina pembe, Madagaska imegandana na Msumbiji. Akiulizwa kwa nini Lodwar kule Turkana ni kukavu na Kisangani kule Kongo ni msitu, na zote mbili ziko jirani ya Ikweta, ananyamaza. Likizo ni wiki 3. Naomba kazi za kufanya mezani, maana "asome kwa bidii" tumeshaisikia. Kuna atlasi moja ya zamani, rula na penseli za rangi.

Maalim_Likoni

Wa aleikum salaam. Miji mikuu iwekeni kando wiki ya kwanza. Mtoto anayechora pwani kwa kuikodolea macho atapotoka tu. Achore kwa nyuzi za latitudo na longitudo.

Afrika inaingia vizuri ndani ya mraba: kutoka nyuzi 40 Kaskazini hadi 40 Kusini, na kutoka 20 Magharibi hadi 60 Mashariki. Nyuzi 80 kwa 80. Basi apige mraba wa sentimita 16 kila upande, augawe kila sentimita 2. Atapata vyumba 64, kila kimoja nyuzi 10, na kila uzi mmoja ni milimita 2. Mstari wa katikati unaolala ndio Ikweta. Autie rangi nyekundu. Mstari wa Greenwich ni wa tatu kutoka kushoto, ukihesabu na ukingo wenyewe.

Kisha atie nukta, asiunganishe bado (Ks ni Kaskazini, Ku ni Kusini, Mg ni Magharibi, Ms ni Mashariki):

Dakar 15 Ks, 17½ Mg
Tangier 36 Ks, 6 Mg
Ncha ya Tunisia 37 Ks, 10 Ms
Ndani ya Ghuba ya Sirte 30 Ks, 19 Ms
Suez 30 Ks, 32½ Ms
Jibuti 11½ Ks, 43 Ms
Rasi Guardafui 12 Ks, 51 Ms
Mombasa 4 Ku, 39½ Ms
Rasi Delgado 10½ Ku, 40½ Ms
Maputo 26 Ku, 32½ Ms
Rasi Agulhas 35 Ku, 20 Ms
Luanda 9 Ku, 13 Ms
Douala 4 Ks, 9½ Ms
Accra 5½ Ks, 0
Rasi Palmas 4½ Ks, 7½ Mg

Akimaliza ndipo aunganishe, atlasi ikiwa wazi mbele yake kwa ajili ya mapindo madogo. Kosa la Guinea litajirekebisha lenyewe, kwa sababu Palmas, Accra na Douala zote ziko milimita 8 hadi 11 juu ya mstari mwekundu. Ikweta inaigusa pwani ya Atlantiki Gabon. Pembe ya Somalia nayo hupotea kwa mtoto anayekata moja kwa moja kutoka Suez hadi Mombasa. Lazima ateremke na Bahari ya Shamu mpaka Jibuti, kisha atoke nje kwenda Guardafui, ndipo arudi ndani. Madagaska ianze nyuzi 12 Kusini na iishie 25½, na mlango wa bahari pale penye wembamba ni kama kilomita 400, yaani milimita 7 hivi. Asiibandike.

Siku 2 za kwanza achore akiwa na orodha. Siku 2 zinazofuata afiche orodha. Baada ya hapo afute gridi yote, abakishe Ikweta na Greenwich tu. Akiweza hatua hiyo ya mwisho, ramani ameishika.

Kipimio

Mbinu ya Maalim ni nzuri, ila mwambieni mtoto asipime umbali wa mashariki–magharibi kwenye ncha za ramani hiyo. Uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 kila mahali, lakini uzi wa longitudo ni kilomita 111 Ikweta tu. Ukifika nyuzi 35 umebaki kilomita 91 hivi. Kwa hiyo Moroko na Afrika Kusini zimevutwa kwa upana, karibu moja ya tano zaidi ya kweli. Kwa umbo na mahali, haidhuru. Kwa umbali, atumie atlasi na uzi wa kushonea: aulaze juu ya njia, aunyooshe kwenye skeli.

Na wiki ya pili achore mkato wa bara kutoka Mombasa hadi mdomo wa Mto Kongo. Ni kama kilomita 3,000. Akitumia sentimita 1 kwa kilomita 200, karatasi ya sentimita 15 inatosha. Kwa kwenda juu, sentimita 1 iwe mita 1,000. Hapo urefu umekuzwa mara 200 na aliandike hilo chini ya mchoro. Bila kukuza, Kilimanjaro yenye mita 5,895 ingekuwa theluthi ya milimita.

Vituo, kwa mita juu ya bahari: Mombasa 0, Voi kama 560, Nairobi 1,700, Ziwa Naivasha 1,890, ukingo wa Mau 2,500 na zaidi, Kisumu 1,130, Ruwenzori 5,109, Kisangani 400, Kinshasa 280, kisha Atlantiki. Mchoro huo ndio unaomaliza ubishi wa kama Ziwa Victoria liko ndani ya Bonde la Ufa. Ataona mwenyewe kwamba limekaa kwenye sinia, ardhi iliyobonyea kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana lina upana mkubwa na kina cha mita 80 tu hivi, ilhali Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, linafika mita 1,470.

Upepo_wa_Tudor

Nijibu la Lodwar, maana hapo ndipo wengi wanapoteza alama. Watoto hufundishwa "Ikweta = mvua" halafu wanakwama Afrika Mashariki.

Anzeni na jua la utosini. Mombasa iko nyuzi 4 Kusini, kwa hiyo jua hupita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Asimike kijiti kilichonyooka uani: Machi kivuli huisha kama saa sita na nusu, Oktoba kama saa sita na dakika 10. (Haiwi saa sita kamili kwa sababu saa yetu imefungwa kwenye longitudo 45, nasi tuko magharibi yake.) Mvua humfuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa: masika Aprili na Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mji ulio mbali na Ikweta, jua halipumziki kati ya safari zake mbili, mvua zinaungana kuwa msimu mmoja: Kano ni Juni hadi Septemba, Lusaka ni Novemba hadi Machi. Cape Town na Algiers ni kinyume kabisa, mvua yao ni ya majira ya baridi. Mtoto akiona grafu ambayo mvua imejaa miezi isiyo na joto, asihangaike, hiyo ni tabianchi ya Mediterania. Kisha aangalie Julai ni joto au baridi, ajue ni ncha ipi ya bara.

Sasa upepo. Kusi na kaskazi tunazijua sote, lakini watoto hawaambiwi kwamba zote mbili huambaa na pwani ya Somalia badala ya kuingia bara moja kwa moja. Tena kusi inasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, maji baridi yanapanda kutoka chini, na hewa iliyo juu ya maji baridi haipandi ikawa mawingu. Lodwar imeongezewa balaa lake: iko chini, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na upepo hukimbia katika mwanya huo bila kupanda. Hupata kama milimita 200 kwa mwaka. Kisangani inalishwa na hewa ya unyevu kutoka Atlantiki na mvuke wa msitu wenyewe, inapita milimita 1,500. Latitudo ni jirani, upepo si mmoja.

Jambo la mwisho, joto na urefu. Kanuni ni kupungua nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Mombasa wastani ni 26. Nairobi kwa hesabu ingekuwa 15, lakini kweli ni 18 au 19. Asidhani amekosea hesabu. Kanuni ni ya hewa iliyo wazi angani, na uwanda mpana hupashwa na jua ukaipasha hewa yake.

Mama_Kisauni

Shukran sana, kijiti kimeshasimama uani. Sehemu ya watu na uchumi je? Kitabu kina orodha tupu: watu wengi hapa, wachache pale.

Reli_Miritini

Watu wasisomwe peke yao. Achukue ile ramani ya nyuzi aifanye ya nukta: nukta 1 ni watu milioni 5. Nijeria inapita milioni 200, hivyo nukta zaidi ya 40. Misri inapita milioni 100, nukta zaidi ya 20, na zote zibanwe kwenye Naili na delta yake; akizitawanya jangwani, mchoro umeharibika. Libya ni moja. Namibia haifikii hata moja: aiwekee alama ndogo tofauti na aeleze, asiiache tupu kana kwamba haina mtu. Baadaye aulinganishe mchoro na mvua na urefu. Nyanda za Ethiopia, Rwanda na pande za Ziwa Victoria zitajieleza. Msitu wa Kongo hautajieleza, una mvua tele na watu wachache, na hapo ndipo swali zuri lilipo: udongo ulioyeyushwa rutuba na mvua, maradhi, njia ngumu. Kwenye savana aongeze mbung'o, ndiye aliyezuia ng'ombe sehemu nyingi zenye majani mazuri.

Kwa usafiri, arudi kwenye ule mkato wa Kipimio. Bara ni sinia lililoinuliwa, kwa hiyo mito huanguka karibu na ukingo. Mto Kongo unapitika na meli kama kilomita 1,700 kati ya Kisangani na Kinshasa, halafu unaporomoka kabla ya Matadi. Ndiyo sababu pale kuna reli. Naili ina maporomoko sita kati ya Khartoum na Aswan. Nchi 16 hazina bahari, na hapo bandari yetu ya Kilindini inaingia: aandike mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini inapita wapi, mpaka upi, na kwa nini kila kilomita ya barabara inapandisha bei ya saruji Kampala. Chai ndiyo mfano bora wa upande wa pili. Huota juu, kwenye baridi na udongo wenye asidi, lakini mnada wake uko Mombasa tangu 1969, kwa sababu meli ziko hapa.

Maalim_Likoni

Kuhusu atlasi ya zamani: milima na mito itumieni bila wasiwasi. Mipaka ikagueni kwanza. Ikiandika Zaire, ni ya kabla ya 1997. Sudan ikiwa nzima, ni kabla ya 2011. Swaziland imekuwa Eswatini tangu 2018, na mji mkuu wa Burundi ni Gitega tangu 2019. Ziwa Chad likichorwa kubwa la kung'aa, hiyo ni hali ya miaka ya 1960. Na mwalimu akisema nchi ni 55 badala ya 54, hajakosea. Hiyo ni hesabu ya Umoja wa Afrika, pamoja na Sahara Magharibi.