Nimegongwa na gari nikienda kazini kwa baiskeli, nikapokea elfu 50 nikasaini karatasi. Nimeshajimaliza?

fundi_alminiamu

Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri maana usingizi sina, nikilalia upande huu bega linauma, nikigeuka nawaza.

Iko hivi. Naishi Tabata, kazi nafanya Chang'ombe kwenye karakana ya madirisha ya alminiamu. Huu mwaka wa pili naenda kwa baiskeli, zile za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, nashuka na Mandela, napita Buguruni, nikifika Tazara nakata kushoto naingia Nyerere Road, basi nimefika. Alhamisi saa 12:40 asubuhi, kumeshakucha kabisa, nipo pembeni mwa lami nakaribia sheli moja, gari dogo likanipita. Mimi nikajua limeshapita, kumbe jamaa anaingia sheli, akakata kushoto mbele yangu hivi hivi. Indiketa niliiona wakati mmoja na mlango wake wa nyuma. Nikaupiga ule mlango, bega ndo likatangulia chini. Ninachokumbuka vizuri kuliko vyote ni hotpoti yangu ya maharage inabingirika kwenda katikati ya barabara na mimi nimelala pale nawaza mfuniko usifunguke.

Dereva alishuka, hakukimbia, hilo nampa. Mtu mstaarabu, shati limenyooka, pole nyingi. Akasema tukiita trafiki tutapoteza siku wote wawili, akatoa elfu 50, nitengeneze ringi itakayobaki ninywe soda. Bodaboda waliokuwepo wakasema chukua, wengine hawatoi hata hiyo. Mmoja akachana karatasi ya daftari tukaandika "nimepokea sh 50,000 na sina madai yoyote", nikasaini nikaenda kazini nasukuma baiskeli.

Saa nne nikashindwa kunyanyua fremu ya dirisha, hata ile ndogo ya choo. Jioni nikaenda hospitali, picha ikaonyesha mtulinga umevunjika. Daktari kasema wiki 6 hadi 12 nisibebe kitu, na mimi nalipwa kwa kazi, siku sijafunga dirisha sina hela. Halafu kuna ujinga niliufanya, pale mapokezi waliniuliza PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) iko wapi nikasema nimeteleza nyumbani, nilikuwa naona aibu nimeshapokea hela ya watu.

Namba yake alinipa. Siku ya kwanza alipokea akasema pole sana, nilipotaja mfupa simu haipokelewi tena. Pleti nimeipiga picha. Leo siku ya nne. Swali langu ile karatasi imeshanimaliza au bado kuna njia?

Kipenga

Pole mkuu. Ila na wewe baiskeli Mandela Road, na yale malori ya kontena ya bandarini? Hapo Buguruni hata mimi na gari nasali. Mambo ya baiskeli kazini waachie huko Ulaya. Ulikuwa umevaa helmeti? Rifleta?

fundi_alminiamu

Helmeti sikuvaa, ila kilichovunjika si kichwa mkuu. Rifleta ipo nyuma na kulikuwa mchana mweupe. Na huko Ulaya sijui nauli wanalipaje, mimi nikipanda gari kwenda na kurudi kila siku ya kazi kodi ya chumba inayumba.

mama_wawili

Kipenga mtu kaja na mfupa umevunjika wewe unamletea somo la usalama barabarani. Kwani barabara ni ya magari peke yake?

Kaka pole sana. Mume wangu aligongwa Kilwa Road akiwa na baiskeli yake ya kuuzia mikate, na sisi tulitaka kumalizana hivyo hivyo, kaka yake ndo akakataa. Usilale, nenda polisi kesho asubuhi, kituo cha eneo ajali ilipotokea, usiende cha karibu na kwako watakurudisha tu. Sema nimekuja kuripoti ajali, chukua RB, ile namba ya taarifa yako, na PF3. Watakusema kwa nini umechelewa, kubali kusemwa. Sisi tuliripoti siku ile ile na bado tulienda kituoni mara tano, ila tulilipwa.

mezani_madai

Nimekaa miaka sita dawati la madai kwenye kampuni ya bima, sasa hivi nafanya mambo mengine kwa hiyo naongea bila hofu. Mimi si wakili, chukua kama maneno ya mtu aliyekuwa anazipokea hizo karatasi upande wa pili wa meza.

Gari lolote kutembea barabarani lazima liwe na angalau bima ndogo, hiyo ni Sura 169. Ile ambayo watu wanaikata shingo upande ili trafiki asiwasumbue. Wengi hawajui ile hela kazi yake nini. Gari la mwenye gari likipondeka bima ndogo haimhusu, ipo kwa ajili ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni wewe uliyelala pale na hotpoti yako. Kwa hiyo acha kumpigia dereva. Ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, weka namba ya gari, itakuonyesha bima ipo hai au imekufa na ni ya kampuni gani. Kama iko hai basi unayemdai kiukweli ana ofisi na mhuri.

Ya pili, watu wanachanganya kesi mbili. Polisi wakifungua jalada, dereva akapelekwa mahakamani kwa kuendesha kwa uzembe, hiyo ni kesi ya Jamhuri na faini akilipa inaenda serikalini, wewe hupati hata mia. Lakini usiidharau, maana bima watakuomba ripoti ya ajali, ramani ya ajali waliyochora trafiki, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF3, karatasi zako za hospitali na nakala ya hukumu. Bila jalada hakuna hata moja ya hizo isipokuwa za hospitali. Ndo maana dereva mjanja kitu cha kwanza anasema "tusiite trafiki".

Karatasi ya daftari sasa. Wataitoa, usidanganyike, ningekuwa bado pale na mimi ningeitoa. Ila ilisainiwa dakika kumi baada ya ajali, kwa hela ya ringi, hakuna aliyejua mfupa umevunjika. Usiifiche, iseme mwenyewe polisi na iseme kwenye madai, na hiyo 50,000 ihesabu kama umeshapokea. Na haiwezi kufuta kesi ya Jamhuri kwa sababu Jamhuri haikusaini.

Kinachonitisha mimi ni pale uliposema umeteleza nyumbani. Hiyo imeandikwa kwenye faili, na tarehe, na saa. Mtu wa madai akiiona hiyo sentensi anafunga jalada anaenda kunywa chai. Rudi kwa daktari yule yule na PF3 mkononi, mweleze ukweli, na umweleze kwa nini ulidanganya, uombe aandike upya historia. Mvunjiko wenyewe upo kwenye picha, hauongopi, ila maneno yako ya kwanza yanakusaliti.

Madai ya namna hii una miaka 3 kabla muda wa kufungua kesi haujaisha, hivyo hujachelewa kisheria. Umechelewa kiushahidi tu, na huo unapungua kila siku. Wale bodaboda bado wapo pale sheli?

Babu Scania

Nimeendesha malori miaka 31, Tunduma mpaka Lubumbashi. Pole mjukuu wangu.

Mimi nasema kama dereva. Huyo kijana hakuangalia kioo cha kushoto, basi. Alikupita, ukatoka kwenye kichwa chake, akaiona sheli. Hiyo ipo kila siku na si ubaya wa moyo. Mwenye gari kumpita baiskeli ni sekunde moja, anasahau kwamba baiskeli bado inakuja. Sasa mkimpeleka mahakamani kijana ana familia na leseni ni mkate wake. Ningekuwa wewe ningemtafuta na wazee wawili, tukae, alipe hospitali na hela ya kula wiki hizo 12, yaishe. Kesi za nchi hii unaweza kuzeekea kwenye benchi.

mama_wawili

Shikamoo babu. Nakuheshimu lakini huyo kijana unayemwonea huruma simu hapokei. Wazee wawili wataenda kukaa na nani?

Babu Scania

Marahaba mwanangu. Hapo umenikamata. Lakini wito wa polisi nao unaweza kumleta mezani bila kufika mahakamani, nimeona hivyo mara nyingi.

mezani_madai

Babu hapo tupo pamoja nusu. Wito wa polisi unafungua simu zilizofungwa, kweli. Ila akija mezani asisaini tena kitu kabla daktari hajasema amepona. Bega linaweza kupona likabaki halinyanyuki juu ya kichwa, na fundi madirisha asiyenyanyua mkono ni hesabu nyingine kabisa.

Fundi pleti ni ya njano au nyeupe, yaani gari binafsi au la biashara? Na baiskeli usiiguse, isitengenezwe mpaka trafiki waione.

fundi_alminiamu

Aisee asanteni sana. Pleti ya njano. Nimecheki hapa na simu ya jirani, bima ipo hai, imebakiza miezi minne. Sikujua kama mtu yeyote anaweza kuangalia.

Bodaboda nimeenda jioni hii, yule aliyechana daftari yupo, kaniambia atasema alichoona lakini hataki kwenda mahakamani, nikamwambia tuanze na kusema. Kasema pia kitu sikukijua, kwamba jamaa alikuwa anaongea na simu anaingia pale. Mimi sikuona kwa hiyo sitalisema kama langu.

Tatizo ni baiskeli. Ijumaa nilimpelekea fundi, kashabadilisha ringi ya mbele na spoku zote.

Kipenga

Duh. Kwa hiyo hiyo elfu 50 imeshaisha? 😂

fundi_alminiamu

Ringi 25, ufundi 8, dawa za maumivu 14. Soda nilikunywa kweli.

mezani_madai

Ringi ya zamani iko wapi? Usiniambie umemwachia.

fundi_alminiamu

Nimemwachia.

mama_wawili

Kaka mpigie SASA HIVI, wale vijana wa chuma chakavu wanapita na mkokoteni asubuhi na mapema kuliko trafiki.

fundi_alminiamu

Nimerudi. Leo nimeshinda kituoni tangu saa mbili mpaka saa nane. Afande wa dawati aliniuliza mara tatu kwa nini siku ya tano, nikamwonyesha ile karatasi kabla hajaiuliza, akaisoma akacheka akasema hizi anaziona kila wiki. RB ninayo, PF3 ninayo, kesho narudi kwa daktari kumweleza kuhusu ule uongo, hapo ndo naogopa kuliko hata polisi. Jamaa kapigiwa na namba ya kituo, kapokea mlio wa pili. Anakuja Jumatano na gari, wakague mlango.

Ringi ipo. Fundi alikuwa ameitundika ukutani, mke wake anaanikia vitambaa vya mtoto. Nimemwomba aanue, nimeifunga na kamba ipo hapa chini ya kitanda. Imejikunja kama namba 8.

Babu Scania

Jumatano nitakuwa Dar. Kama huna mtu mzima wa kukaa naye pale, sema.

fundi_alminiamu

Sina babu. Naomba uje.