Antwerpen kwa baiskeli: nijiunge na kikundi au nitembee kwa miguu?

MuuguziKatuba
Jambo wote. Mimi ni muuguzi hapa Lubumbashi. Mwezi wa tisa naenda Antwerpen, Ubelgiji, kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya magonjwa ya nchi za joto. Wenzangu wa darasa wameshakubaliana: Jumapili ya kwanza tuzunguke mji wa zamani kwa baiskeli na kiongozi, saa tatu nzima. Mimi kinga, yaani baiskeli, niliiendesha mara ya mwisho Kipushi nikiwa msichana, ile ya baba, nikipitisha mguu chini ya chuma kwa sababu kiti sikukifikia. Tangu hapo ni basi na miguu.

Naogopa kuanguka. Lakini lingine ni zito zaidi. Babu yangu alichimba shaba tangu ujana wake, na shaba ya huku ilipelekwa Ubelgiji. Sitaki kuonyeshwa majumba mazuri saa tatu bila mtu kutaja jina la Kongo. Aliyefika kule anishauri.

FundiKamalondo
Yaya, usiogope. Mwambie kiongozi akushushie kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Na uliza breki kabla ya kupanda: baiskeli nyingine zinasimama ukikanyaga pedali kinyumenyume. Huku azima moja, ujaribu Jumapili asubuhi na mapema, barabara zikiwa wazi.

MtotoWaRuashi
Mama, nenda, tena kwa baiskeli. Nilisoma Antwerpen miaka miwili, na matembezi hayo nimeyafanya mara tatu, kila nilipopata mgeni. Magari hayatakusumbua sana, baiskeli zina njia yake. Kinachoangusha watu ni reli za tramu. Gurudumu likiingia kwenye ule mfereji wa chuma, umekwenda chini. Zivuke kwa kuzikata, usiende sambamba nazo. Na yale mawe ya karibu na kanisa kuu, yakilowa mvua, yaende polepole.

Grote Markt, uwanja mkuu wa mji wa zamani, mtaona sanamu ya Brabo, ya mwaka 1887: kijana anarusha mkono uliokatwa. Ngano yao inasema jitu Antigoon lilitoza ushuru kila chombo kilichopita mtoni, na asiyelipa alikatwa mkono. Brabo akalikata jitu lenyewe, mkono akautupa kwenye mto Schelde. Madirishani utakuta hata biskuti za umbo la mkono, zinatengenezwa tangu 1934. Siku ya kwanza mwili ulinisisimka. Sisi tunaijua mikono iliyokatwa Kongo wakati wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, watu walipolazimishwa kuchuma mpira. Kweli, ngano yao ni ya kale kuliko Leopold II. Lakini nilimwuliza kiongozi mbele ya wote: mkono huu mnapowaeleza wageni, ile mikono ya Kongo mnaitaja? Akasimamisha kikundi, tukazungumza karibu robo saa pale pale, baiskeli zimeegemea ukutani. Kwa hiyo uliza. Wengine hawaanzi wenyewe, ila ukiwauliza wanasema.

Halafu handaki la Sint-Anna. Lilifunguliwa 1933, linapita chini ya mto, urefu wake mita 572. Unashuka na baiskeli yako juu ya ngazi za umeme za mbao, zilezile za mwanzo, na zinalia kama kitanda cha zamani. Simama nyuma ya baiskeli, bana breki ya mkono. Chini ni baridi, vigae vyeupe mpaka macho yachoke, kengele ya mtu unaisikia kabla hujamwona mwenyewe. Ukitokea ng'ambo, geuka. Mji wote uko mbele yako juu ya maji, na mnara wa kanisa kuu, mita 123, umeipita minara mingine yote.

Pale nilisimama nikawaza meli. Kwenye gati za mto huu Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona mpira na pembe za ndovu vikishushwa kutoka Kongo, na zinazorudi Kongo ni bunduki na risasi. Bidhaa za kumlipa mchuma mpira hazikuwemo. Akaelewa kwamba watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu, akaanza kuandika na hakunyamaza. Mambo haya niliyasoma shuleni, lakini hayakunishika mpaka niliposimama na baiskeli mkononi nikiangalia maji yale.

BintiKampemba
Mwombeni awapitishe mtaa wa Zuid. Yalikuwa huko maonyesho ya dunia ya 1894, Wakongo zaidi ya mia moja wakaletwa kutazamwa kama vitu, na baadhi walikufa kule. Baadaye pandeni juu ya jumba la makumbusho la MAS, roshani ya juu hailipiwi. Bandari yote mtaiona.

MuuguziKatuba
Aksanti sana, nyote. Nimeshajiandikisha. Jirani yangu anauza makala, makaa ya kupikia, amekubali kuniazima kinga yake Jumapili hii akishashusha magunia. Swali la Brabo nitaliuliza, nimeshaliandika kwa Kifaransa. Ila ngazi za mbao bado zinanitisha. Handakini hakuna lifti?

MtotoWaRuashi
Ipo, kubwa, baiskeli zinaingia. Shuka nayo, Mama. Wakati wa kurudi utazijaribu ngazi.