Naomba ushauri: dalali kala kodi, mwenye nyumba anasema hamjui

Wakuu, habari za majukumu. Nimehamia Dodoma kikazi, ofisi iko Mtumba, nikatafuta chumba na sebule Nzuguni. Dalali nikampa elfu ishirini ya kuonyeshwa (vyumba viwili kati ya vitatu alivyonionyesha vilikuwa na watu tayari!), halafu kodi ya miezi sita, na kodi ya mwezi mmoja juu kama malipo yake ya udalali, kama ilivyo desturi yao. Risiti hakuna, zaidi ya ujumbe wa muamala kwenye simu.

Wiki ya pili kaja mwenye nyumba. Anasema kapokea miezi mitatu tu, na huyo dalali yeye hamtambui kama msimamizi wake. Mkataba nilionao una sahihi ya dalali peke yake. Najua, nilikosea.

Mwenyekiti wa mtaa ameniambia madalali wa namna hii hawajasajiliwa popote, yeye anawajua kwa sura tu. Na sheria ya zamani ya kodi za nyumba, ile ya 1984, ilishafutwa 2005, kwa hiyo mkataba ndio unaotazamwa zaidi.

Sasa nianzie wapi: polisi kwa utapeli, au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Ujumbe wa muamala unatosha kuwa ushahidi? Na mwenye nyumba anaweza kunitoa miezi mitatu ikiisha? Aliyepitia haya anisaidie, mke na mtoto wanakuja mwisho wa mwezi.