Kazi na wageni sebule moja: ninunue dukani au nimpe fundi picha?

BintiKijitonyama

Habari za humu wakuu. Naomba muongozo kwa wenye uzoefu na fanicha, hasa mafundi kama mpo.

Nimepanga chumba na sebule Kijitonyama, ghorofa ya tatu. Sebule ni futi 12 kwa 14, dirisha moja kubwa linatazama uwani. Nafanya uhasibu kwa kampuni iliyoko nje ya nchi, kwa hiyo asubuhi hadi jioni niko hapohapo na laptopu na skrini moja kubwa. Jioni wanakuja ndugu na marafiki, tunakaa humohumo. Yaani ofisi, sebule na mahali pa kulia chakula ni chumba kimoja.

Meza niliyonayo ni ya chipubodi, niliinunua duka moja mjini ambalo sitalitaja. Chai ilimwagika pembeni pale plastiki ilipobanduka, ubao ukavimba kama andazi, na sasa droo haifunguki. Mgongo nao unaniuma kila ikifika saa tisa.

Nimekuwa natazama fanicha za kisasa mtandaoni, zile za nchi za kaskazini mwa Ulaya: mbao tupu bila nakshi, miguu myembamba, chumba kinaonekana kina hewa. Kuna kiti kimoja nimekipenda mno. Mgongo wake una umbo la herufi Y na kikalio kimesukwa kwa kamba. Nikamtumia fundi mmoja picha kwa WhatsApp, akanijibu, "Hicho nakutolea kama kilivyo, mninga, wiki moja." Bajeti yangu ya vyote ni shilingi 1,800,000: meza, kiti cha kazi, viti viwili vya wageni na kochi dogo.

Nimwamini? Au ninunue seti dukani yaishe? Sitaki tena kutupa hela.

FundiWaKeko

Dada, pole na mgongo. Mimi ni seremala, niko Keko, na swali lako ndilo wateja wanalokuja nalo karakana kila siku, simu mkononi na picha imefunguliwa. Naomba nikujibu kwa urefu.

Nianze na hicho kiti chenye Y. Kilibuniwa mwaka 1949 na Hans Wegner wa Denmark, mwaka uliofuata kiwanda cha Carl Hansen & Søn kikaanza kukitengeneza, na mpaka leo hakijaacha. Wegner alisomea useremala kabla hajawa mbunifu, na ukikiangalia kile kiti kwa jicho la fundi unaliona hilo. Ule upinde wa juu, unaouzunguka mgongo na kuja mbele kuwa mahali pa kuweka mikono, ni ubao uliolainishwa kwa mvuke ukakunjwa. Nyuzi za mbao zinaufuata mkunjo kutoka ncha hii hadi ile. Ndiyo maana upinde ni mwembamba na bado unabeba mtu.

Sasa fundi mwenye picha peke yake atafanya nini? Atachukua ubao mpana wa mninga, atachora upinde juu yake, atakata kwa msumeno. Kwa macho ni kilekile. Lakini pale kwenye kona nyuzi zimekatwa zikawa fupi, zinakatisha upinde badala ya kwenda nao. Siku mtu mwenye mwili atakapojiinua kwa kushikilia hapo, ndipo patakapopasuka. Viti vya namna hiyo vinaletwa kwangu viungwe, na ufa uko mahali palepale. Upinde wa namna ile bila mvuke unawezekana, ila inabidi uungwe kwa vipande vitatu au vinne, kila kimoja nyuzi zake zikielekea unakopinda, au zigandishwe mbao nyembambanyembamba juu ya kalibu. Hiyo si kazi ya wiki moja.

Kwa hiyo fundi wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa na mkono wake ni mzuri, lakini picha haimwambii kikalio kimeinama kiasi gani kwenda nyuma, wala mgongo umelala kiasi gani, wala ulimi wa kiungo, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mwenzake, umeingia ndani sentimita ngapi. Atakisia. Wewe usimwambie "nitolee hiki." Mwambie aje na futi akupime wewe.

Meza hasa. Meza nyingi za dukani zina kimo cha sentimita 75 hivi. Fanya hivi leo jioni: kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zilale sakafuni, legeza mabega, kunja viwiko, kisha mwombe mtu apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko chako. Hapo ndipo mikono inapotakiwa kuikuta kibodi. Dada wa kimo cha kawaida mara nyingi inatoka 63 hadi 67. Ukimpa huyo meza ya 75, ama atakaa amepandisha mabega mchana kutwa, ama atapandisha kiti na miguu ining'inie. Hayo maumivu yako ya saa tisa yanaweza kuwa yanaanzia hapo. Skrini ni jambo jingine: ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Ndiyo maana meza ya skrini inataka upana wa sentimita 70 kutoka kwako hadi ukutani. Hizi za 50 zinakuweka skrini puani.

Mbao. Mninga mzuri unatoka Tabora na Katavi, na sifa yake kubwa ni kwamba ukikauka vizuri hauchezi. Msaji wa mashamba ya Longuza kule Muheza, au Mtibwa, Morogoro, nao ni mzuri, ila una mafuta yake. Ukirandwa ukalazwa siku kadhaa, gundi haishiki. Urandwe na kuungwa siku ileile. Zaidi ya jina la mti, uliza ukavu. Kwa hali ya hewa ya Dar mbao ya fanicha ya ndani iwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Kuna kifaa kidogo chenye sindano mbili, kinachomekwa kwenye ubao na kinasoma palepale. Fundi akisema hana, si dhambi, lakini akuonyeshe mbao zilipopangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, na akwambie zimekaa hapo tangu lini. Anayeahidi wiki moja na mbao anakwenda kuzinunua kesho, huyo anakuuzia mbao mbichi.

Jambo la mwisho, na hili ndilo wengi wanaliacha. Ubao hupanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kwa urefu hausogei. Uso wa meza ukikazwa kwenye fremu kwa skrubu pande zote, siku moja utasikia umelia, ukienda kutazama una ufa. Matundu ya skrubu chini ya meza yachongwe marefu, skrubu ipate pa kutembea. Ukienda kwa fundi yeyote, omba kuona meza aliyokwisha kuitengeneza na uipindue. Ukikuta misumari tu na gundi imefurika, mshukuru na uende kwa mwingine.

MtaaWaNgong

Hujambo dada. Niko Nairobi, mimi pia kazi yangu ni ya kukaa nyumbani na kompyuta. Fundi amesema vizuri kuhusu meza, nami nina neno kuhusu kiti cha kazi: usikitengenezee mbao. Hata kiti cha Wegner ni cha kukalia wakati wa chakula. Mtu wa kukaa kwa saa nane kila siku anataka kiti kinachopanda, kinachoshuka, na kinacholala naye akiegemea.

Mimi nilienda kwa wauzaji wa viti vya ofisi vilivyotumika, vile vinavyotoka kwa makampuni yanayohama. Mfano wa kiti kilichobadilisha mambo ni Aeron ya Herman Miller, iliyobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick, ikatoka mwaka 1994. Waliondoa sponji kabisa, wakaweka wavu mgongoni na kwenye kikalio. Kwa joto la Dar hilo si urembo, ni lazima, kwa sababu sponji na ngozi bandia inakulowesha mgongo. Na walikitoa kwa saizi tatu, A, B na C, kama viatu. Wewe si lazima upate hicho hasa, maana hata kikiwa kimetumika bei yake ni ya juu. Tafuta chochote chenye wavu. Ukifika dukani, kalia, kipandishe hadi juu, endelea kuongea na muuzaji kama dakika kumi. Kikishuka chenyewe, mtungi wa gesi unaokipandisha umechoka. Angalia pia ukikaa hadi nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti vidole vitatu vipite. Visipopita, kikalio ni kirefu mno kwako.

Barabara ya Ngong mafundi wamepanga makochi kando ya lami, na wengi wao wanaijua kazi, lakini nako mteja anakuja na picha ya simu. Ni yaleyale.

MieWaNgambo

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja. Nazungumzia kikalio tu, kwani ndicho ninachokijua.

Kiti hicho cha Y chasukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, na kiti kimoja chala karibu mita 120. Dada yangu, usiitafute kamba hiyo. Sisi watu wa pwani tumewamba vitanda tangu enzi na enzi. Viti vya enzi vya kale, vile vya mpingo vilivyonakishiwa kwa pembe za ndovu, navyo vina sehemu zilizowambwa kwa uzi hivyohivyo. Mtafute mzee anayewamba vitanda, mpelekee fremu tupu ya kiti chako. Atakuuliza wataka kikaze vipi, nawe jibu "kaza sana," kwa kuwa kamba hulegea ikishakaliwa. Nailoni nyembamba hukata mapaja. Kamba ya pamba nene kiasi cha kalamu ya risasi ndiyo nzuri, na ikichakaa yawambwa upya, fremu ile ile.

Tena mwambie fundi wa fremu azitie duara pembe za zile pau nne za kikalio. Pau yenye ukingo mkali hukata kamba polepole hata uwambe kwa ustadi gani.

BintiKijitonyama

Asanteni sana wote, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimepimwa kiwiko: 64. Meza yangu mbovu ni 76!

Maswali mawili ya mwisho kwa FundiWaKeko. Hela hiyo inatosha kweli vyote? Na ngazi za hapa ni nyembamba, zina kona mbili, friji lenyewe lilipandishwa kwa shida. Kochi litapitaje?

FundiWaKeko

Kwa 1,800,000 usigawe sawa kwa sawa. Toa kwanza ya kiti cha kazi, kama ndugu wa Nairobi alivyosema, hicho kinakukalisha mchana kutwa. Kisha meza ya mbao kavu. Kitakachobaki ndicho cha wageni, na kama hakitoshi viti viwili, anza na kimoja kizuri. Mkeka na mito vinaheshimika tu mwezi mmoja au miwili.

Kochi la dukani mimi nisingekushauri. Futi 12 ni sentimita 366. Meza itakula 70, na nyuma yake kiti kinataka kama 90 cha kurudi nyuma na kuinuka. Umebaki na 206. Makochi mengi yana kina cha 95, basi umebaki na 111 ya kuweka meza ya kahawa na kupita mtu. Chumba kimekwisha. Tengeneza benchi la mbao la kina cha 65 lenye mgongo uliolala kidogo, na juu yake godoro la sponji nzito lenye foronya ya kufungua na kufua. Sponji ijaribu kwa kuikandamiza kwa ngumi: ngumi isifike kwenye ubao. Miguu ya benchi iache nafasi ya sentimita 15 chini, ufagio upite na sakafu ionekane. Chumba kidogo kinapumua kwa hiyo nafasi ya chini kuliko kwa rangi ya ukuta.

Kuhusu ngazi, hilo ni tatizo la zamani na lilishatatuliwa. Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859: vipande sita vya mbao, skrubu kumi, nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikaungwa vikishafika vinakokwenda. Meza yako na benchi lako vitengenezwe hivyo. Miguu ifungwe kwa bolti na nati za chuma zilizozama ndani ya mbao, isigandishwe kwa gundi. Gundi na ulimi vibaki kwenye fremu. Uso wa meza unapanda ngazi peke yake, miguu inafuata mkononi, na ukihama nyumba unafungua kwa spana moja.

Meza usiielekeze dirishani wala usilipe dirisha mgongo. Ukilitazama, mwanga unakupiga machoni, na ukilipa mgongo unapiga kwenye skrini. Dirisha liwe ubavuni, na kama unaandika kwa mkono wa kulia liwe kushoto.

Fundi yule yule wa wiki moja usimtupe kabla hujamsikia. Mpelekee 64 yako, muulize kuhusu ukavu na matundu ya skrubu. Akikujibu vizuri na akaomba mwezi mzima badala ya wiki, mpe kazi. Siku ya kwenda kumwona beba laptopu yako na uvae viatu au ndala unazovaa ukiwa kazini nyumbani, maana hata unene wa soli unabadilisha hiyo 64.