Sauti inakatika seli ikijaa, upakuaji uko sawa: kosa la kipangaji?

msongamano: Seli (eneo la mnara mmoja) ya LTE, yaani 4G, upana wa masafa MHz 10. Kipangaji, yaani programu ya mnara inayoamua nani ahudumiwe lini, kinatumia kanuni ya uwiano wa haki. Simu za VoLTE (sauti kupitia LTE) zinakatikakatika, lakini upakuaji unaenda vizuri tu. Nianzie wapi?

foleni_ndefu: Usiguse kipangaji kwanza, angalia QCI (namba ya daraja la huduma) ya beara, yaani njia inayopitisha data ya simu. Sauti inatakiwa QCI 1: kasi imehakikishwa, ucheleweshaji mwisho ms 100. Ikiangukia QCI 9, mwisho ni ms 300, tena foleni moja na video. Uwiano wa haki hugawanya kasi ya sasa kwa wastani wa kasi iliyopita, basi. Haujui kwamba pakiti ya sauti huja kila ms 20, na ikichelewa haina kazi tena.

msongamano: Nimehakiki, ni QCI 1. Wanaolalamika wako pembeni mwa seli.

kHz15: Basi tazama upande wa kupandisha, kutoka simu kwenda mnara. Huko pembeni simu ya mkononi imeshagota dBm 23, nguvu yake ya mwisho ya kurusha. Ukiiongezea bloku za masafa inatawanya nguvu ileile. Washa ufungaji wa TTI (TTI ni kipindi kimoja cha kutuma, ms 1), pakiti irudiwe katika TTI 4 mfululizo. Halafu tenga malalamiko ya simu za programu za ujumbe: hizo kwa kawaida hupita beara ya msingi, ile ya intaneti ya kawaida, QCI 1 haizihusu.