Kipimo kinaonyesha virusi havionekani: nimweleweshe vipi mdogo wangu asiache dawa?

Dada wa Kigamboni
Habari zenu wanajamvi. Mdogo wangu anatumia dawa za kufubaza VVU, na majibu ya karibuni ya kipimo cha wingi wa virusi yanaonyesha kwamba havionekani. Sasa anasema amepona na anataka kuacha vidonge. Ni kijana msomi, hashawishiki kwa kuambiwa tu kwamba daktari amekataza, hivyo naomba anayejua anieleze virusi hivyo vinajificha wapi.

Muuguzi wa CTC
Pole dada, na umefanya vyema kuuliza kabla hajaacha. Kirusi hakizaliani chenyewe. Ni lazima kiingie ndani ya seli hai na kuitumikisha. Kirusi cha UKIMWI hunasa kwenye protini ya CD4 iliyo juu ya seli nyeupe za damu, kisha kwenye protini ya pili, mara nyingi CCR5, ndipo utando wake unapoungana na wa seli na vilivyomo vikaingia ndani. Vinasaba vyake ni vya RNA. Kimeng'enya chake huvinakili kuwa DNA, na kingine, integrasi, huipachika DNA hiyo ndani ya DNA ya mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo vinapojificha. Baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka bila kutoa kirusi hata kimoja, na dawa, ambazo kazi yake ni kuzuia hatua za kuzaliana, haziwezi kuigusa seli iliyolala. Kipimo nacho huhesabu virusi vilivyo kwenye damu tu. Akiacha dawa, kwa watu wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Mwalimu wa Baiolojia
Hata kurukaruka dozi ni hatari. Kimeng'enya hicho cha kunakili, ambacho aina yake iligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, hukosea mara kwa mara na hakijisahihishi. Dawa ikipungua mwilini, nakala yenye kosa linaloikinga dhidi ya dawa ndiyo itakayoongezeka. Kama anatumia TLD, yaani kidonge kimoja chenye dawa tatu, msome naye maandishi ya kwenye kopo: tenofovir na lamivudine huzuia kunakili, dolutegravir huzuia kupachika.

Dada wa Kigamboni
Nashukuru sana. Je, majibu yale hayana maana yoyote basi?

Muuguzi wa CTC
Yana maana kubwa. Maadamu anameza dawa kila siku na virusi vinaendelea kutoonekana, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya ngono. Mwambie hilo kwanza, kabla ya haya mengine yote.